Jumamosi hii msinihesabu, nakwenda Moro na Peponi

Wale sita tunaokutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi pale Mwenge kwa chai ya maziwa na ubishi, naomba radhi mapema, safari hii sipo. Najua zamu ya kuleta maandazi ilikuwa yangu. Najua pia kwamba ni mimi niliyepiga kelele mwezi uliopita tusome Kichwamaji, na leo ni mimi ninayekimbia. Sababu nitaieleza. Kwanza tusalimiane kwa vitabu, kama kawaida yetu.

Mwezi huu nimesoma vitabu vitatu na nusu. Msicheke. Kwa mwandishi wa habari wa mji huu hiyo si kazi ndogo. Unarudi nyumbani saa nne usiku, macho yamechoshwa na kompyuta, unafungua kitabu, unasoma aya moja, unaamka asubuhi kitabu kiko usoni. Siri yangu ni mwendokasi. Kimara hadi Kivukoni, ukibahatika kupata kiti (narudia, ukibahatika!), unapata kurasa ishirini. Ukisimama unapata kurasa tano na kukanyagwa.

Cha kwanza kilikuwa cha burudani tu, Kufa na Kupona cha Elvis Musiba. Willy Gamba ni yule yule, anapigana, anapendwa, hachoki, hana bosi anayempigia simu kuuliza habari iko wapi. Nilikimaliza kwa siku mbili na sina la kuongeza.

Cha pili nilikirudia, Vuta N'kuvute cha Adam Shafi. Nilikuwa nimeiona filamu ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, na nikaanza kuchanganya kilichomo kwenye filamu na kilichomo kitabuni. Bado nasema filamu ni nzuri, lakini Yasmin wa kitabuni namwelewa zaidi. Binti wa miaka kumi na mitano anaozwa mzee, anatoroka, wazazi wanamkataa, na Adam Shafi hana haraka ya kumwonea huruma. Anamwacha aishi.

Kichwamaji sasa. Wengi humkumbuka Kezilahabi kwa Rosa Mistika, cha mwaka 1971, kile kilichowahi kupigwa marufuku shuleni na baadaye kikaja kuwa kitabu cha mtihani. Baba yangu anasema enzi zao walikisoma chini ya shuka kwa tochi, kwa zamu, na aliyechelewa kukirudisha alinyimwa sukari wiki nzima. Kichwamaji kilifuata mwaka 1974. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anakuta mdogo wake Rukia ana mimba ya Manase, msomi mwenzake aliyepata cheo. Nilipokisoma chuo nilimpenda sana Kazimoto. Niliandika maneno yake ukutani hosteli. Safari hii amenikera. Anafikiri mno, na kila mtu aliye karibu naye kwake ni swali la falsafa. Nilikuwa nasoma huku namgombeza kimoyomoyo: wewe kijana, acha kuwaza maana ya maisha, mtazame aliye mbele yako!

Ndiyo maoni yangu, mtanisomea kwenye kikao. Mwenye kumtetea Kazimoto amtetee, mimi nitajibu nikirudi.

Ile nusu ndiyo inayonipeleka Morogoro.

Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Tangu nianze kazi gazetini ana tabia moja. Akijua nina habari inayotoka kesho, anatembea hadi kwa muuza magazeti, ananunua, anakaa barazani na kalamu nyekundu. Nikienda nyumbani nakuta fungu limekunjwa juu ya kabati la vyombo linanisubiri, kama madaftari ya darasa la tano. Mara ya kwanza nilikasirika, siwafichi. Habari yangu ya ukurasa wa kwanza, yenye jina langu, imechorwa kama mtihani wa mtoro! Niliandika "wahanga wa mafuriko", pembeni akaandika: "Mhanga ni anayejitoa mwenyewe. Hawa walijitolea nini?" Niliandika "zoezi la kuhesabu kura", akauliza kama walikuwa wanafanya mazoezi, na mashindano yenyewe ni lini. "Changamoto" ndiyo aliichukia kuliko zote. Niliripoti daraja lililovunjika na kuiita changamoto ya miundombinu. Akakata mstari mzima na kuandika juu yake: "Daraja limevunjika."

Nikazoea. Kisha nikaanza kulisubiri lile fungu. Mhariri wangu ana kurasa nyingi za kujaza na hana muda wa kunifundisha. Aliyenifundisha kazi hii kwa kweli ni yule mzee wa barazani.

Krismasi iliyopita nilikwenda nyumbani, nikakuta magazeti yako juu ya kabati, safi. Hakuna wino hata tone. Nikayapekua yote. Nikamuuliza, "Baba, naona siku hizi nimenyooka?" Akasema, "Unajitahidi." Jamani, kwa mwalimu yule neno hilo ni shahada. Nilirudi Dar kichwa kimevimba. Nilimwambia kila mtu ofisini, na wawili kati yenu niliwaambia pia, mnakumbuka.

Pasaka nikaenda tena. Magazeti safi tena. Lakini wiki ile ile gazeti letu lilikuwa limeniaibisha: aya moja ya habari yangu ilichapwa mara mbili, moja chini ya nyingine, neno kwa neno. Mtoto wa darasa la tatu angeiona. Nikasema, "Baba, ile aya umeniachia leo?" Akauliza, "Aya gani?" Nikampa gazeti. Akalishika kwa mikono miwili, akalisogeza, akageuza kichwa upande kama kuku anayetazama punje. Akageuza upande wa pili. Mama akainuka, akasema anakwenda kuangalia ugali. Hakukuwa na ugali jikoni, ilikuwa saa tisa alasiri.

Ni presha ya macho. Daktari alimwambia zaidi ya mwaka mmoja kabla, na mama aliapizwa asitueleze. Ugonjwa huu una ujanja wake. Mara nyingi hauumi. Shinikizo ndani ya jicho linaua taratibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na kwa kawaida uoni wa pembeni ndio unaoanza kwenda, kwa hiyo mtu anaweza kukaa miaka akidhani yuko sawa. Siyo kama mtoto wa jicho, ambaye unafanyiwa upasuaji, unawekewa lenzi na dunia inarudi. Hapa kilichokwenda kimekwenda. Matone ya kila siku yanalinda kilichobaki, basi. Na matone yenyewe mzee aliyaacha baada ya miezi michache, akasema yanawasha.

Nikaanza kukumbuka. Baiskeli aliyoiuza mwaka jana kwa kisingizio cha magoti. Glasi alizokuwa anaangusha. Kumbe hata kunipongeza kwa vichwa vya habari ilikuwa hivyo, kwa sababu vichwa vya habari vina herufi kubwa! Mimi ninayelipwa mshahara kwa kuuliza watu nisiowajua maswali, sikumuuliza hata moja. Nikaona nimesifiwa, nikaridhika. Sasa mnaelewa kwa nini Kazimoto amenikera.

Basi tangu Pasaka nikitoka ofisini nanunua dakika, nampigia, namsomea. Nimemchagulia Peponi. Kwa ambao hamjakishika: ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kuingia orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker mwaka ule. Ida Hadjivayanis ndiye aliyeitafsiri, na Mkuki na Nyota wakaitoa mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobeli. Siku ya Nobeli mimi nilikuwa bado chuo, nikajidai mbele ya wenzangu kwamba namfahamu sana, wakati sikuwa nimesoma hata ukurasa. Baadaye nikaisoma Paradise kwa Kiingereza, nikaipenda, lakini ilikuwa kama kumsikia shangazi yako akiongea kwenye redio ya nje. Kwa Kiswahili wale watu wamerudi kwao. Wafanyabiashara, wapagazi, misafara ya kwenda bara, Wajerumani wanaokaribia, mabishano ya dukani, matusi... matusi hasa!

Baba hasifii. "Unasoma kama unatangaza mpira. Hapo kuna nukta, umeiruka." Au, "Rudia sentensi hiyo, neno umelimeza." Nimegundua sijui kusoma kwa sauti. Tulifundishwa darasa la kwanza, kisha tukaacha kabisa, tukadhani tunajua. Jaribuni leo usiku ukurasa mmoja, mtaona.

Sasa, anayeijua hadithi anajua inavyoanza. Yusuf ana miaka kumi na miwili. Mfanyabiashara Aziz, anayemwita ami, anakuja kwao, na siku ya kuondoka anaondoka naye. Mtoto anadhani ni safari. Kumbe baba yake ana deni, na yeye ndiye rehani. Nilikuwa nimesoma kitabu hiki zaidi ya mara moja, lakini sikuwa nimewahi kumsomea baba yangu mzazi sehemu ile kwa sauti yangu. Nilipofika hapo nikasikia kimya. Nikadhani dakika zimeisha.

"Baba, upo?"

"Nipo."

Kimya tena. Kisha akasema, "Mimi niliweka rehani kadi ya benki. Wewe sikukuweka."

Sikuelewa mpaka nilipompigia mama kesho yake. Mwaka wangu wa mwisho chuo, mkopo niliokuwa napata haukutosha, na baba akatuma ada. Nilidhani ni akiba. Alikuwa amekopa mtaani, ile mikopo watu wanayoiita kausha damu, akaacha kadi yake ya benki kwa mkopeshaji. Kila mwisho wa mwezi yule bwana alikuwa anakwenda mwenyewe kwenye mashine, anachukua chake, anampa baba kilichobaki. Walimu wengi wameyapitia hayo, na nimewahi kuyaandika mimi mwenyewe, kwa takwimu za mtaalamu na kauli ya ofisa, bila kujua kwamba mmoja wao ananisoma kwa kalamu nyekundu. Deni lilikwisha mwaka jana. Matone hayakuwa yanawasha.

Usiku ule kwenye simu, lakini, nilikuwa sijayajua hayo. Nilijibu tu, "Sawa baba," maana nilikosa la kusema.

Akasema, "Endelea. Anza pale walipofika stesheni."

Ndiyo maana Jumamosi hii nachukua treni ya asubuhi. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria wa Moro, Juni 2024, sina kisingizio cha foleni. Nikikaa dirishani nitasoma hadi Pugu, baada ya hapo huwa naangalia nje tu. Jumatatu nimeomba ruhusa kazini. Kuna kliniki ya macho asubuhi, na mzee amesema haendi. Amesema anajua watakachomwambia. Mama amefanya naye mazungumzo marefu kuliko ya Umoja wa Mataifa, na wamefikia hapa: ataenda endapo tutamaliza Peponi Jumapili. Zimebaki kurasa kama tisini. Nimezipima kwa saa, kwa mwendo anaoutaka yeye, wenye nukta zote, ni saa tano au sita. Koo litanikauka, nimenunua tangawizi.

Matone ya miezi mitatu nimeshayanunua, yako kwenye begi. Sijui kama atayapokea. Ana namna yake ya kusema "weka hapo mezani" inayomaanisha hapana.

Ameagiza pia nimletee magazeti ya mwezi mzima yenye habari zangu. Na kalamu. Nikauliza ya nini. Akasema, "Wewe utasoma, mimi nitakwambia pa kuchora."

Begini nimeweka pia Kuli cha Adam Shafi, endapo tutamaliza mapema. Ule mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948 anaupenda, aliusimulia darasani mpaka wanafunzi wakataka kugoma. Lakini baada ya hapo nimekwama. Nahitaji kitabu kinachosomeka vizuri kwa sauti, chenye mazungumzo, kisiwe kirefu mno, na kisiwe na neno changamoto. Mzimu wa Watu wa Kale nimekifikiria, Bwana Msa na kiko chake, ila mzee anakijua karibu chote na atakuwa ananitangulia kutaja muuaji. Mwenye pendekezo anitumie ujumbe kabla ya Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, maana nikishapanda treni begi ndiyo limefungwa.

Na maandazi, mmoja wenu apitie kwa yule mama wa pembeni mwa kituo. Nimeshamlipa ya watu sita.