Mawe ya Mwanza na Udongo Wake

Mgeni afikaye Mwanza husimama kwanza akayatazama mawe. Yamekaa juu ya vilima, moja juu ya jingine, mengine makubwa kuliko nyumba. Na lile liitwalo Jiwe la Bismarck limesimama majini kando ya mji. Wengi huuliza ni nani aliyeyapandisha. Twawajibu, wasomaji wapenzi, hapana aliyeyapandisha: yalichongwa palepale, chini ya udongo.

Mwamba huu ni graniti, na umri wake wapita miaka milioni 2,000. Una nyufa nyingi. Maji ya mvua yalipopenya ardhini yaliingia nyufani, yakala pembe kwanza, kwa kuwa pembe huliwa pande zote. Ndiyo sababu mawe haya ni ya mviringo. Kisha mvua zikachukua udongo uliolegea, mawe yakabaki wazi.

Twaa kipande cha jiwe hilo ukitazame juani. Utaona punje angavu kama kioo, vigamba vya ulanga ving'aavyo, na punje nyeupe au za waridi. Hizo za mwisho huoza polepole zikawa udongo wa mfinyanzi. Zile za kioo hazioozi, huwa mchanga.

Basi tushuke kilimani. Karibu na mawe ni luseni, ndivyo Wasukuma waitavyo, mchanga mwepesi upendwao na mihogo na karanga. Chini yake ni itogoro, ugumu wake kiangazi washinda jembe. Bondeni ni mbuga, udongo mweusi upasukao nyufa za kuingiza mkono. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, aliuita mfuatano wa namna hii kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. (Wazee wa Usukuma hawakumngojea, kila pingili ilikuwa na jina lake.)

Lakini luseni ni chembamba, na mvua moja kubwa yaweza kuchukua kilichofanyika kwa karne nyingi, hasa pale miti ilipokatwa na matuta kuelekezwa chini. Katika shamba moja tuliona mizizi ya mwembe imebaki hewani, na ubavuni mwa jiwe mstari mwekundu mahali udongo ulipokuwa zamani, kimo cha kiuno cha mtu. Wenye shamba wamekwisha kuyageuza matuta yakate mteremko, na juu yake wamepanda matete. Watoto wao hupima mstari ule kila masika.