Mwanangu Aliniambia Nisije Uwanjani

"Mama, kesho usije."

Jamani, maneno hayo yalinichoma. Tunaishi Maryland, Marekani, na binti yangu wa miaka 9 ndio kwanza ameanza lacrosse, ule mchezo wa fimbo yenye wavu kwenye ncha. Huku ni mchezo rasmi wa timu wa jimbo tangu 2004, wenzake kama wamezaliwa na fimbo mkononi. Wazazi wao wanawaelekeza pembeni ya uwanja. Mimi mtoto wa Temeke nilikuwa nashangilia tu, tena mpira ukiwa kwa wapinzani. Kumbe namwaibisha.

Nililia bafuni, siwafichi. Kesho yake nikanunua fimbo ya mtumba, yangu mwenyewe.

Tukaanza nyuma ya nyumba na mpira wa tenisi, maana ule wenyewe ni raba ngumu, dirisha la jirani haliponi. Kwanza kuchota mpira chini: unakunja magoti, mkono wa nyuma unashuka karibu na nyasi, unapita nao bila kusimama. Ukisimama kuuchungulia tu, umekwisha.

Halafu kuubembeleza, yaani unakimbia huku unaitikisa fimbo taratibu mpira usidondoke. Nikamwambia, "Hii naijua, wewe nilikubembeleza miezi sita hulali." Akacheka. Siku nyingi sijasikia kicheko kile.

Kudaka ndiko kulikonitoa jasho. Naupiga mpira kama naua nzi, unaruka huko. Yeye akaniambia, "Mama, upokee kama yai. Rudisha fimbo nyuma kidogo." Hapo nikaelewa mwalimu sio mimi. Kila nikikosea ananielekeza, na akinielekeza mimi anajirekebisha yeye.

Sasa kila jioni, kabla sijaenda shifti ya usiku, tunarusha ukutani na kudaka: mara 30 mkono wa kulia, 30 wa kushoto. Wa kushoto bado tunatia huruma wote wawili.

Wiki iliyopita akaniambia mwenyewe, "Mama, Jumamosi uje."

Nikaenda, nikakaa kimya kama niko msikitini. Alipoteza mpira mara mbili. Wa tatu akauchota akikimbia, akampasia mwenzake. Hakufunga mtu. Kwenye gari swali lilikuwa moja tu: "Uliuona mkono wangu wa nyuma?"

Niliuona, mwanangu. Mzazi mwenzangu, mchezo usioujua usikutishe. Kubali kufundishwa.