Ghali na Rahisi Usoni pa Bibi Harusi

Macho yamenistaafisha. Mstari wa wanja unataka mtu anayeuona unywele, na mimi sasa hata tarehe iliyochapwa chini ya kopo nasomewa na mjukuu. Maharusi wangu wamehamia kwa wasichana niliowafundisha, kule Mtwara mjini. Kupamba wanakuweza. Kununua hawajui, na ndiyo sababu naandika.

Nilizaliwa Msimbati, baba mvuvi, mama mkulima wa korosho. Nikamaliza darasa la saba, nikapelekwa Mikindani kwa shangazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni yenyewe ilipangiwa foleni, sembuse rangi ya mdomo. Biashara ilipolegezwa kuanzia 1984, poda ikaonekana tena madukani, na hapo kwa shangazi ndipo nilipomkuta Somo.

Somo alikuwa kungwi. Msiro alijifunza kwa Wamakua wa ng'ambo ya Ruvuma: anasugua kipande cha mti juu ya jiwe lenye maji mpaka utoke uji mweupe, anamsiriba bibi harusi uso mzima, anauacha ukauke. Kesho yake singo, keshokutwa liwa. Mwali anakaa ndani wiki nzima, na fedha iliyotoka ni ya marashi tu. Siku yenyewe ikifika, poda kidogo, basi. "Mwanangu, ngozi iliyotunzwa haina deni," alikuwa akisema. Maana yake: machupa yako yaache dukani.

Hapo tuligombana mpaka alipofariki. Harusi za Somo zilionwa kwa karabai na macho ya majirani. Zangu zilikuja kuonwa na kamera ya video, baadaye na simu za kila mwalikwa. Poda nyeupe ya bei ndogo ikipigwa flashi inarudisha mwanga, na mwali anatoka pichani na uso kama aliyeanguka kwenye kinu cha unga, shingo ikabaki ya kwake. Faundesheni zilizofika kwetu nazo zilikuwa za weupe wa watu wengine. Nilinunua mbili zilizokolea kuliko zote, nikazichanganya mgongoni mwa mkono. Fenty Beauty ilipotoa rangi 40 kwa mpigo mwaka 2017, watu walishangilia. Mkono wangu ulikuwa umeshazoea kuchanganya.

Nilishikilia, na bado nashikilia: mwenye fedha ya kitu kimoja anunue faundesheni. Ipake kwenye taya, si kiganjani, toka nje juani, subiri ikauke, maana nyingine hukolea baada ya muda. Ukiitafuta usiione, hiyo ndiyo yako.

Somo naye alikuwa na ughali wake: wanja wa jiwe kutoka Uarabuni. Aliulipia bila kulalamika, akiamini bei ndiyo dhamana. Jiwe lile mara nyingi ni madini ya risasi, na risasi haigeuki salama kwa kuuzwa ghali. Nilimwambia hivyo. Alininunia siku nyingi.

Sasa nyinyi, wanangu, na kalenda! Kwenye chupa ya faundesheni pamechorwa kikopo kilichofunguliwa, na ndani yake mara nyingi pameandikwa 12M: miezi 12 tangu siku ya kufungua. Maskara hata nusu ya hiyo haifiki wakati mwingine. Harusi zetu zinafuata korosho. Minada ikianza Oktoba ndipo fedha inaingia vijijini. Anayefungua chupa ya ghali Machi anaivundika katika joto la Mtwara akingojea wateja, na Novemba anampaka mtoto wa watu kitu kilichojitenga, mafuta juu, maji chini. Msimu wa 2018, korosho zilipopangiwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo yakachelewa, harusi nilizoandikisha zilisogezwa mbele. Sikuwa nimefungua hata kopo moja.

Rangi za kope na mashavu nunueni za bei ndogo. Hayo masanduku ya rangi chungu nzima mnayoyaagiza Kariakoo, mnatumia nne, zilizobaki mnapigia picha.

Mkorogo ndio unaonitoa machozi. Zebaki na hidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, bado binti anakuja ngozi imechunika, vidole vyeusi uso mwekundu, akitaka faundesheni ya laki imfichie. Hapo Somo ananishinda akiwa kaburini.

Kuna mpambaji mwenzangu, jina nalihifadhi, aliyenichukulia wateja kwa piko. Ni rangi ya nywele, nyeusi tii, inakauka upesi, wakati hina ya majani inataka usiku kucha. Alitoza nusu ya bei yangu. Kemikali inayoipa piko weusi huo, ngozi za wengine haziipokei kabisa. Mwali mmoja wake aliletwa kwangu asubuhi ya harusi, malengelenge yamefuata maua petali kwa petali mpaka kwenye kiwiko. Mama yake akaniuliza kama faundesheni itafunika. Nikamjibu, "Dada, kidonda hakipakwi, kwanza hospitali Ligula." Waliporudi tukamvalisha glavu ndefu za satini juu ya bandeji. Glavu zile mama alizilipia zaidi ya hina niliyomtajia mwezi mmoja nyuma, akaniambia ni ghali.