Kompyuta Zilizorejea Baada ya Giza

Katika umri wangu wote wa ufundi wa kompyuta hapa Unguja sikupata kuona msimu wenye mafunzo kama ule wa mwaka 2010, umeme uliporejea mwezi wa Machi baada ya waya upitao chini ya bahari kutoka bara kuharibika Disemba iliyotangulia na kisiwa kizima kukaa takriban miezi mitatu gizani. Kwani kompyuta za majumbani, zilizokuwa zimefunikwa vitambaa muda wote huo, zilipochomekwa tena, nyingi katika zile kuukuu zilikataa kuwaka sawasawa, na wenyewe wakazipakia juu ya vespa na mikokoteni hadi dukani kwangu Mkunazini, wakiwa wamekwisha kuzihukumu kuwa zimekufa.

Hukumu hiyo siikubali upesi. Mashine hizi zina ada, tangu zama za IBM ya mwaka 1981, ya kujikagua kabla ya kushika kazi yoyote, na pale zisipoweza kuandika neno kwa kuwa kioo chenyewe hakijapata picha, hutoa ushahidi kwa milio: katika bodi nyingi nilizozishughulikia, mlio mrefu mmoja ukifuatwa na miwili mifupi ulishuhudia ila katika kadi ya kioo, ilhali milio mirefu isiyokoma ilikuwa mashtaka juu ya kumbukumbu. Fundi asiyesikiliza milio hiyo, akakimbilia kubadilisha vyombo kwa kubahatisha, humla mteja fedha zake bila ya haki.

Miongoni mwa walioingia alikuwamo mwalimu mstaafu, mtu wa makamo ya baba yangu.

“Shikamoo, Maalim.”

“Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa diski ikiharibika hufutwa yote. Humo mna nasaba ya ukoo wetu, niliyoikusanya kwa wazee ambao sasa wamekwenda mbele ya haki.”

Kwa maneno hayo nilianza kwa kuitoa diski, kabla ya kugusa chochote, nikaifunga katika mashine yangu nzima na kunakili kila kilichokuwamo. Maana bodi na feni hununuliwa, bali iliyomo ndani ya diski ni amana, na amana hulindwa kwanza. Diski ilikuwa salama.

Maradhi yalikuwa kwengine, tena yamepandana. Kwenye bodi mna betri ndogo ya duara, ya volti 3, itunzayo saa na mipangilio. Maadamu kompyuta imechomekwa ukutani betri hiyo hupumzishwa, lakini miezi mitatu bila ya umeme iliibebesha mzigo peke yake, nayo ilikuwa kongwe, ikaisha, na mashine ikasahau tarehe pamoja na diski ya kuanzia. Nilipoweka betri mpya na kuirejesha mipangilio, iliamka ikafika nusu, ikasita. Hewa yetu ya chumvi ilikuwa imeyaandama meno ya kumbukumbu kwa utando usioonekana ila kwa kuinamisha mwangani. Nikayasugua kwa raba laini ya kufutia, nikayapangusa kwa spiriti, ikavuka pale ilipokwama. Walakini baada ya muda ilijizima, na hapo ndipo nilipotazama kapasita zilizoizunguka prosesa nikaona vichwa vyake, ambavyo hupaswa kuwa bapa, vimevimba. Ni aibu ya watengenezaji wengi wa miaka ya mwanzo wa karne hii, waliotia ndani yake maji mabovu. Nikazing'oa kwa chuma cha kulehemu, nikatia nyengine zenye kipimo kile kile na volti zisizopungua, kisha nikaiacha iwake kutwa nzima mita ikiwa mkononi.

Maalim alipokuja kuichukua alikataa kuondoka kabla ya kuifungua nasaba yake palepale mezani pangu. Aliisoma jina kwa jina, akasahihisha herufi moja katika jina la bibi yake mzaa mama, kisha akaniomba nimchapie nakala mbili, moja ikae kwake na nyengine ipelekwe Pemba kwa nduguye.