Contra ni gemu ya watoto?

Nimekuwa kimya, kazi zilinibana (kulikuwa na hitilafu moja kwenye programu ya mteja iliyonila wiki mbili nzima!). Lakini leo sizungumzii kazi. Nazungumzia ugomvi mdogo uliotokea sebuleni kwa dada yangu, hapa hapa Eastleigh, na mchokozi nilikuwa mimi.

Nilikuwa napita Jam Street nikaona duka linauza zile mashine za kuiga Nintendo ya zamani, pamoja na kaseti ya manjano yenye gemu chungu nzima ndani yake. Moyo ukaruka. Nikanunua, nikampelekea mpwa wangu wa miaka minane. Gemu ya kwanza kwenye orodha: Contra.

Kwa wasioijua, Contra ilitengenezwa na Konami, ikatoka kwenye mashine za sarafu mwaka 1987 na ya Nintendo ikafuata 1988. Kwenye hadithi ya Kijapani ni mwaka 2633, wanajeshi wawili wanatua kisiwani kupambana na viumbe kutoka sayari nyingine. Unakimbia kwenda kulia, unapiga risasi, unaruka. Risasi moja tu ikikugusa umekufa. Una maisha matatu. Mashine ya sarafu haipati faida mchezaji akikaa sana, kwa hiyo gemu za aina hii zilizaliwa zikiwa kali, na ukali huo zikauhamishia nyumbani. Mimi niliijua nikiwa darasa la tatu, kibandani, shilingi tano kwa zamu... na shilingi tano ziliisha kabla sijaona hatua ya pili.

Basi, mpwa wangu akafa mara ya kumi hivi, akalia, akaitupa padi ukutani. Dada akatoka jikoni. Hakuuliza habari ya padi. Aliangalia runinga, akasema, "Bunduki? Ndugu yangu, umeniletea bunduki nyumbani?"

Hapo nikanyamaza. Wanaokaa huku wanakumbuka Aprili 2014, misako ya usiku, watu wakipelekwa Uwanja wa Kasarani. Dada yangu tangu siku hizo hapendi kuona wala kusikia bunduki, hata ya plastiki siku ya Idi. Ningeweza kumwambia kwamba hizi ni nukta za rangi tu, kwamba kaseti asilia ya Contra ilikuwa na kilobaiti 128, ndogo kuliko picha moja ya simu yake. Lakini hilo si jibu la alichouliza.

Na si yeye peke yake aliyewahi kuuliza. Ulaya, mwaka 1990, gemu hii iliuzwa kwa jina la Probotector na wale wanajeshi wakageuzwa roboti, kwa sababu Ujerumani ilikuwa na masharti makali kuhusu watoto na picha za vita. Gemu ni ile ile, risasi ni zile zile, waliobadilishwa ni wanaozipiga na baadhi ya wanaopigwa. Zamani niliona ni kichekesho. Siku hizi nawaelewa kidogo. Mwaka 2015 Mkenya Andrew Kaggia alitoa Nairobi X, viumbe wa angani wanavamia jiji letu na wewe unawapiga risasi. Naiheshimu sana kazi ile, lakini mtoto wa Eastleigh wa miaka minane nisingempa. Jiji lile analijua.

Ugumu nao? Hapo mimi na dada tulitofautiana kweli kweli. Yeye aliona gemu inayomliza mtoto ni mbaya. Mimi naona Contra haidanganyi: adui anatokea pale pale alipotokea jana, ukikumbuka unapita. Lakini hata watengenezaji walishindwa na gemu zao wenyewe! Marehemu Kazuhisa Hashimoto (alifariki 2020) aliweka ule ufunguo maarufu kwenye Gradius mwaka 1986 kwa sababu ilimshinda alipokuwa akiijaribu. Juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Kwenye Contra unakupa maisha thelathini. Kumpa mtoto ufunguo huo si kumfundisha wizi, ni kumpa nafasi ya kukosea bila kulia.

Tukakubaliana: sauti imezimwa, nusu saa tu, baada ya duksi, na mimi nikae naye. Hatua ya tatu ni ya maporomoko ya maji, na ina ubaya wake: mmoja akipanda haraka, skrini inapanda naye na mwenzake aliyebaki chini anakufa. Aliniua mara sita. Mara ya saba akasimama kwenye jiwe, akasema, "Abti, panda, nakungoja." (Abti ndiye mjomba kwa Kisomali.)

Dada alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Alisikia. Hakusema kitu, akarudi jikoni, kisha baada ya dakika tano akaja kuuliza kama lile jiwe la juu linafikika kutoka upande wa kushoto. Halifikiki. Tumejaribu.