Safari ya Geita na Breki Zilizokataa Kuachia

Gari la parokia yetu ni Land Rover ya mwaka 1966. Mwaka huo ndio uliofungwa mgodi wa zamani wa dhahabu wa Geita, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kazi mwaka 2000. Mgodi ule ulipata wenyewe wapya. Gari letu bado lina wenyewe wale wale, na fedha zao ni chache.

Siku mbili kabla ya safari lilitoka gereji, ambako lilitiwa masta silinda mpya ya breki. Mimi karani ndiye niliyelipa na kutia sahihi. Dereva wetu, mzee mwenye nywele za mvi, akaniambia, "Mwalimu, twende nalo kwanza mpaka Ibadakuli na kurudi." Nikamjibu kwamba mafuta ni fedha, na breki zimeshika vizuri pale mlangoni pa gereji. Akanyamaza.

Basi tukaondoka Shinyanga alfajiri, wanakwaya sita na mama mmoja mjamzito aliyekuwa akirudi kwa mumewe Geita. Barabara ya lami inakata mbuga tambarare za pamba na mtama, upepo ni baridi, na wanakwaya waliimba. Lakini kabla ya Maganzo, penye njia ya kwenda Mwadui, kwenye mgodi wa almasi aliouanzisha Mkanada John Williamson mwaka 1940, mzee alianza kubadili gia mahali pasipo na mlima. "Mwalimu," alisema, "gari hili linavutwa na mtu kwa nyuma." Mara tukasikia harufu ya kitu kinachoungua.

Tukasimama, tukatia mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Mzee alipitisha kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Yote manne yalikuwa ya moto. "Lingekuwa moja," alisema, "ningelitafuta kosa katika gurudumu hilo. Yakiwa manne, kosa liko mahali yanapokutana." Akapiga jeki gurudumu la mbele, halikuzunguka kwa mkono. Akalegeza kidogo nati ya kutolea upepo. Oili ya breki ikaruka, na gurudumu likazunguka kama la baiskeli. Kumbe oili ilikuwa imefungiwa ndani kwa nguvu.

Kisha akaingiza mkono chini, akabonyeza pedali kwa kidole. Haikuwa na mchezo hata kidogo. Hapo akanieleza, nami nawaeleza ninyi. Ndani ya masta silinda mna tundu dogo ambalo oili hurudia katika kopo lake mguu ukiondoka. Fimbo ya pedali ikiwa ndefu mno, pistoni hairudi mpaka mwisho, na tundu hubaki limezibwa. Gari likiwa baridi huoni kosa. Ukifunga breki mara kadhaa oili hupata joto, hutanuka, hukosa pa kwenda, na husukuma breki zenyewe. Breki zikisugua, joto huzidi. Mwisho oili huchemka na kutoa mvuke, na hapo ukikanyaga, pedali huenda mpaka chini bila kushika kitu.

Nilimtazama yule mama aliyekaa chini ya mti, mikono juu ya tumbo lake, nikakumbuka sahihi yangu.

Mzee alilegeza nati, akaipunguza fimbo mpaka pedali ikapata nafasi ndogo kabla ya kusukuma pistoni, akakaza tena. Tulingoja magurudumu yapoe, tukaongeza oili mpya ya breki kutoka chupa isiyofunguliwa, maana iliyokaa wazi hunywa maji ya hewani, na oili ya injini huharibu raba. Tukatoa upepo gurudumu kwa gurudumu. Akalijaribu gari peke yake, kwenda na kurudi, ndipo akawaita abiria. Mabuki tulisimama tena kupima joto. Magurudumu yalikuwa na uvuguvugu tu.

Kutoka Misungwi na Usagara tulipita kati ya majabali makubwa, tukafika Kigongo. Zamani hapo watu walingoja pantoni. Tangu mwaka 2025 kuna daraja la kilometa 3 hivi juu ya ziwa mpaka Busisi. Wanakwaya walinyamaza kutazama maji. Baada ya Sengerema vikaja vilima vya Geita, na katika kila mteremko mzee alikanyaga taratibu, akaachia, nalo gari likatii.

Mume wa yule mama alitupokea kwa "Mwadila!" akatushukuru kwa kumletea mkewe salama. Nilimwambia amshukuru mzee.

Msomaji mpenzi, gari likitoka kwa fundi, lijaribu kwa safari fupi, kisha pima joto la magurudumu kabla ya kupakia watu. Mafuta ya kwenda Ibadakuli na kurudi ni fedha kidogo sana.