Koti Lisiloongea

Kazi iliingia saa nne usiku: maneno 1,500 kuhusu nguo za kuwindia kwa uta wakati wa baridi kali. Ziwe za joto, ziwe kimya. Malipo dola 15. Mteja yuko Wisconsin, Marekani, ana tovuti ya wawindaji, na maagizo yake yalikuwa mafupi. Andika kama mtu aliyekaa juu ya mti mwezi wa Desemba akimngoja kulungu. Tumia "mimi". Weka kisa kimoja kilichokutokea kweli, kitu ambacho mashine haiwezi kubuni.

Hilo la mashine ndilo lililonifanya nikubali haraka. Tangu ChatGPT ifike mwishoni mwa 2022, wateja wangu walikuwa wameondoka mmoja mmoja bila hata kwaheri. Yule wa magodoro, yule wa bima ya meno, wote. Kazi zilizobaki ni hizi za kutafuta binadamu. Na mimi ni binadamu, ila si yule wanayemtafuta.

Niko Rongo. Nimepanga chumba nyuma ya maduka, barabara ya Kisii kwenda Migori iko pale mbele, na trela za miwa zikipita usiku glasi zangu zinalia kwa rafu. Theluji nimeiona ndani ya friza tu. Kuwinda sijawahi, hata sungura. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka wa 1977, na wakati huo mama yangu alikuwa bado hajaanza shule. Wanyama wa pori walio karibu nami wako Ruma, kule bonde la Lambwe, ambako korongo wa mwisho wa Kenya wanaishi. Nikionekana huko na uta nitarudi na pingu.

Nikasoma hadi saa nane. Na jamani, hiyo kitu ina akili kuliko nilivyodhani. Mwenye bunduki anaweza kumpiga mnyama akiwa mita mia moja, mia mbili. Mwenye uta anamtaka afike mita 20 hivi, 30 ikizidi. Umbali huo kulungu anasikia mkono wako ukigusa ubavu wako. Kwa hivyo unakaa juu ya mti, mita tano au sita kutoka chini, masaa manne bila kutikisika, na mtu asiyetikisika hatoi joto jingi. Hapo ndipo tabu inaanza. Unataka nguo nyingi, lakini ukizivaa zote ukitembea kwenda kwa mti, unatoka jasho, na jasho likipoa ndani ya nguo ndilo linalokutetemesha. Pamba ikishika maji haikauki haraka. Sufu hata ikilowa bado inakupa joto. Nailoni inazuia upepo na mvua vizuri kabisa, lakini inaongea, na baridi ikizidi inakuwa ngumu na inaongea zaidi. Hata vile vibandiko vya kunata, kama vya viatu vya watoto wa nasari, ukivifungua pale juu ya mti umejitangaza kwa redio.

Pia nikapotelea kwenye historia, kama kawaida yangu. Mwaka wa 1925 Wamarekani wawili, Saxton Pope na Arthur Young, walivuka bahari na nyuta zao hadi Tanganyika kuwinda simba. Leo chama kikubwa cha wawindaji wa uta kule kwao kina majina yao. Upande huu wa mpaka, Waata wa Tsavo walikuwa wakiangusha ndovu kwa uta na mishale ya sumu, nyuta ngumu ambazo mgeni hazivuti hata nusu. Hao kwa kumbukumbu waliingia kama majangili, na miaka ya hamsini serikali ya mkoloni iliwasaka na kuwafunga wengi wao. Niliweka aya nzima kuhusu jambo hilo. Mteja aliifuta na kuandika pembeni: haihusu nguo. Kweli haikuhusu.

Kilichobaki ni kisa. Saa nane na nusu sikuwa nacho. Nikatoka kwenda choo, choo chetu kiko nje, na pale kwa veranda ya hardware Mzee alikuwa amekaa kwa kiti chake, uta umeegemea ukuta, podo begani.

Nilikuwa nimempita kila usiku kwa mwaka mzima.

Wasomaji wa Nairobi pengine watacheka, lakini huku soja mwenye uta si ajabu. Mwizi haogopi rungu, Mzee aliniambia, kwa sababu rungu linataka ufike alipo. Yeye ni Mkuria, nyumbani kwao ni upande wa Kehancha, na mtaani sisi tunamwita jaduong' kama mzee mwingine yeyote wa hapa, ingawa kwao hawasemi hivyo. Anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Ilikuwa Julai, ule wakati hata Rongo mtu anatafuta soksi.

"Jaduong', si unasikia baridi?"

"Baridi iko, kijana wangu. Lakini tunazoeana."

Nikamuuliza amevaa nini. Alidhani namchezea. Nilipokaa chini kwa kreti ya soda akaona niko serious, akaanza kunifungulia vifungo kimoja kimoja chini ya taa ya veranda.

Ndani kabisa, fulana ya kubana. Juu yake shati, na kati ya shati na kifua gazeti limekunjwa mara mbili, linalobadilishwa kila Jumatatu. Halafu sweta ya sufu ya kike, ya mitumba, nzito. Ya kike kwa nini? Kwa sababu mikono yake inabana, akasema, na ina vifungo badala ya zipu. Zipu ya chuma ikigonga mkono wa uta usiku, mtu wa pale kona anasikia. Kabuti lake la zamani halivai akizunguka. Linakaa kwa kiti. "Ukitembea vua, ukikaa vaa," alisema, na mimi nikaangalia chini nikicheka peke yangu, maana hayo nilikuwa nimeyasoma saa moja iliyopita kwa Kiingereza, aya sita na michoro.

Mkono wa kushoto, kutoka kiwiko hadi kifundo, alikuwa ameufunga na blada, ule mpira wa tyubu ya baiskeli. Wawindaji wa Marekani wana kitu kama hicho, wanakinunua. Nikamuuliza alijifunza wapi.

Hapo akanyamaza kidogo, halafu akacheka, halafu akanieleza.

Mwezi wa Machi, mvua kubwa zikianza, mwenye duka alimletea koti la mvua. Jipya, la njano, la plastiki, na lile kabuti akaambiwa aliache nyumbani kwa sababu linaharibu sura ya duka. Usiku wa tatu akasikia mabati yanakatwa nyuma. Akainuka. Lakini koti nalo likainuka naye, shwaa, shwaa, kila hatua, na kabla hajafika kona wale watu walikuwa wamekwisha geuka kumngoja. Akavuta uta. Mkono wa lile koti ulikuwa mpana kama gunia, kamba ikanasa pale, na mshale ukaanguka miguuni pake kama kijiti. Jiwe la kwanza lilimkosa. La pili lilimpata kifundo cha mkono wa kulia. Walienda na roli mbili za waya, na waya huo ukakatwa kwa mshahara wake, polepole, mpaka Juni.

Alinionyesha kile kifundo. Vidole viwili havikunji vizuri. "Lakini bado navuta," alisema, akavuta uta bila mshale, kidogo tu, nione.

Nikamshukuru, nikarudi ndani, nikaandika kisa kwa dakika arobaini.

Wale wezi wakawa kulungu dume mwenye pembe nane. Mabati yakawa majani makavu ya mwaloni. Koti la njano likawa jaketi la nailoni la bei rahisi nililopewa na shemeji yangu, ambaye ni mtu mzuri lakini mbahili. Kamba ikanasa kwa mkono wa jaketi, mshale ukaanguka chini ya mti, kulungu akainua kichwa akaniangalia, akaenda zake. Jiwe sikulipatia kazi. Waya nao haukuwa na pa kukaa. Mwishoni nikawaambia wasomaji: tangu siku hiyo, kabla ya kununua nguo, nasugua mkono kwa mkono karibu na sikio.

Mteja alijibu asubuhi yake. Alisema hiyo sehemu ya mshale ndiyo iliyomfanya aniamini. Pesa iliingia baada ya siku mbili, kama shilingi 1,900 hivi, nikalipa tokeni ya stima, nikala samaki mzima. Nisidanganye, nililala vizuri. Ilianza kunisumbua siku ya tatu, nilipompita Mzee pale veranda akanisalimu kama mtu wake, "Kijana wangu, umeamkaje?", na mimi nikaongeza mwendo.

Siku ya soko nikaenda kwa mitumba. Sikuwa na mpango, au labda nilikuwa nao sijiambii. Mama mmoja alikuwa amefungua robota la majaketi na wenye kuwahi wameshachukua kamera zote. Chini ya rundo kulikuwa na moja ambalo kila mtu alikuwa akilisukuma kando. Limechapishwa majani ya mwaloni na matawi, kahawia na kijivu. Nje ni kitambaa laini chenye manyoya mafupi kama ya blanketi la mtoto, ndani sufu-sufu, mikono inabana kwenye kifundo. Nililijua. Nilikuwa nimeliandika. Yaani lilitoka kwa mti wa mtu fulani huko, likavuka bahari ndani ya robota, likanifikia Rongo.

Nikasugua mkono kwa mkono karibu na sikio. Kimya.

"Unasikiza nini huko, kuna redio?" mama aliuliza.

"Bei gani?"

"Hiyo nipe mia tano uende nayo. Watu wanaogopa, ati ya jeshi."

"Si ya jeshi, mama. Ni ya watu wa kuwinda swara."

"Mwambie OCS hivyo."

Alikuwa na haki. Sheria inakataza raia kuvaa sare za jeshi, na afisa aliye kwa barabara saa tisa usiku hatasimama kulinganisha majani ya mwaloni na ya KDF. Kumvalisha Mkuria mwenye uta koti la namna hiyo ni kumtafutia shida nyingine juu ya ile ya waya. Nikalipa mia tano, nikalipeleka kwa fundi.

Fundi alitaka kulitia rangi nyeusi. Nikamwambia hiki ni polista, rangi ya kawaida haitashika, na akaniangalia kama mtu aliyefundishwa kazi na mtoto. Basi akapendekeza kulifunika na kitambaa cha kung'aa cha ndani ya suti, alikuwa nacho kingi. Nikakisugua sikioni. Kinaongea. Tukabishana pale hadi mteja wake mwingine akachoka akaondoka. Mwishowe tulitumia blanketi la kijivu, lile la boarding, langu mwenyewe la kidato cha pili, ambalo tangu niache chuo nalifunika dirisha. Lilitosha mwili na mikono. Kwa ndani ya kola majani mawili ya mwaloni yalibaki. Fundi alichukua mia tatu na akasema hashonei tena watu wa masikio.

Nikampelekea Mzee usiku. Alilipima kwanza kwa kuvuta uta: mara moja, mara mbili, mkono wa kushoto umenyooka. Kamba ikapita bila kugusa. Halafu akatembea hadi mwisho wa veranda na kurudi, akitega sikio.

"Umelitoa wapi?"

Nikamwambia yote. Kwamba ile habari ya Machi niliiuza. Kwamba wezi niliwageuza mnyama, na kwamba kule watu wanasoma wakidhani ni mimi, na hata mimi nina jina lingine, la Kizungu. Niliongea haraka. Yeye alikuwa akifunga vifungo.

"Dola ngapi?"

"Kumi na tano."

Akahesabu kimoyomoyo. Waya ulikuwa umemla zaidi ya hapo, aliniambia, lakini sikuwa mimi niliyeuiba.

"Na ile mkono?" akauliza. "Waliandikiwa juu ya ile mkono?"

"Hapana, jaduong'. Sikuiweka."

"Ungeweka," alisema. "Hapo ndipo iliuma."

Sikuwa na jibu. Mvua ikaanza, ndogo, akainua kola na majani ya mwaloni yakajificha shingoni. Akachukua uta akaenda kuzunguka nyuma ya duka. Nilikaa kwa kreti nikimsikiza. Koti halikusema kitu. Nilichosikia ni gambuti, kwichi, kwichi, hadi kona.